Kulinganisha Vyombo Viwili vya Tanga: Somo la Mtepe na Flipflopi kwa Shule za Wasso

Utangulizi

Mwalimu anayeanza kazi katika shule za msingi za Wasso, Wilaya ya Ngorongoro, hukuta darasani watoto wenye maarifa mengi. Wako wanaoweza kumtambua ng'ombe wao mmoja katika kundi la ng'ombe mia kwa rangi, pembe na mwendo wake. Wako waliotoka katika vijiji vya Watemi, wanaojua zamu za maji ya mfereji na namna ya kuuziba mfereji uliobomoka. Hata hivyo Kiswahili, lugha wanayofundishwa nayo, kilikulia pwani, na semi zake nyingi zimetoka chomboni. Twasema kiongozi ameshika usukani, msafiri ametia nanga, na manahodha wengi chombo huenda mrama. Mtoto ambaye nyumbani husema Kimaasai au Kitemi huyakariri maneno hayo bila picha yoyote akilini mwake. Bahari iko mbali, kilometa 500 hivi kwa mstari ulionyooka, na Ziwa Natron lililo karibu ni la magadi.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi mwalimu awezavyo kutumia vyombo viwili vya tanga kufundisha stadi ya kulinganisha katika Darasa la Tano. Chombo cha kwanza ni mtepe, uliosafiri katika pwani yetu kwa karne nyingi hata ukatoweka. Cha pili ni Flipflopi, kilichoshushwa majini mwaka 2018. Vyote viwili vinahusika na visiwa vya Lamu, nchini Kenya. Tumevichagua kwa sababu vinatofautiana sana kwa ukubwa, kwa umri na kwa vifaa vya ujenzi. Tena, kila kimoja chaweza kuelezwa kwa vitu ambavyo mtoto wa Wasso amekwisha kuvishika kwa mikono yake.

Kulinganisha ni stadi itumikayo katika kila somo: katika hesabu, sayansi, historia na lugha. Lakini ni stadi yenye hatari yake. Mtoto akifundishwa vibaya, hutoka darasani na kanuni moja tu, kwamba kilichotangulia ni duni na kilichofuata ni bora. Kisha huichukua kanuni hiyo mpaka nyumbani, akaipimia nyumba aliyoijenga mama yake, kibuyu cha bibi yake na lugha ya babu yake. Kwa hiyo yatupasa kulitayarisha somo hili kwa uangalifu mkubwa.

Shabaha za somo

Baada ya vipindi vitatu, kila mwanafunzi aweze:

1. Kutaja sehemu kuu za chombo cha tanga: omo, tezi, mkuku, mataruma, mlingoti, tanga na usukani.
2. Kupima na kulinganisha urefu wa vyombo viwili, na kueleza kwa nini urefu peke yake hautoshi kuonyesha ukubwa.
3. Kuuliza swali moja lile lile juu ya vitu viwili, na kuandika majibu yake katika jedwali.
4. Kuandika aya fupi ya kulinganisha kwa kutumia maneno kama kuliko, sawa na, ilhali, kwa upande wa, na vilevile.
5. Kueleza kwa nini fundi wa kila chombo alichagua vifaa alivyovichagua.

Shabaha ya tano ndiyo kilele cha somo. Zile nne za mwanzo ni ngazi za kuifikia.

Maarifa ya mwalimu: mtepe

Mwalimu hawezi kufundisha vizuri jambo asilolifahamu kwa upana kuliko anavyokusudia kulisema. Kwa hiyo tunaeleza kwanza habari za kila chombo.

Mtepe ni chombo kilichoshonwa. Mafundi walizipanga mbao ukingo kwa ukingo, wakatoboa matundu kandokando, wakapitisha kamba na kuzikaza kwa nguvu, kisha wakayaziba matundu hayo. Katika kingo za mbao waliingiza vigingi vidogo vya mti ili ubao mmoja usiteleze juu ya mwenzake. Mataruma, yaani mbavu za chombo, yalitiwa ndani baada ya mbao kushonwa. Hapakuwa na msumari wa chuma.

Kamba zenyewe zilitokana na makumbi ya nazi. Makumbi yalifukiwa ufukweni, mahali ambapo maji ya bahari hupanda na kushuka, yakakaa huko kwa miezi hata yakalainika. Kisha yalipondwa na kusokotwa kuwa kamba. Juu ya mlingoti mmoja uliosimama wima lilipandishwa tanga la pembe nne, lililosukwa kama mkeka kwa majani ya mimea ya jamii ya mnazi. Omo yake ilichomoza mbele kama shingo ya ngamia, na macho mawili yalichorwa huku na huku. Mitepe mikubwa iliweza kufikia urefu wa mita 20 hivi.

Ufundi wa kushona vyombo ni wa kale sana katika pwani yetu. Kitabu kimoja cha Kigiriki cha karne ya 1, kinachoeleza biashara ya Bahari ya Hindi, kinataja mashua zilizoshonwa na mji wa pwani ulioitwa Rhapta, jina linalotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kushonwa. Mwaka 1498 Wareno waliofuatana na Vasco da Gama walipofika Kisiwa cha Msumbiji, waliandika kwamba vyombo vya huko havikuwa na misumari, mbao zake zilifungwa kwa kamba, na matanga yalikuwa ya mikeka. Katika karne ya 19 mitepe ya Lamu ilikuwa bado ikichukua mizigo, hasa boriti za mikoko, kuipeleka Unguja. Baadaye iliadimika, na kabla ya katikati ya karne ya 20 ilikuwa imetoweka katika biashara. Mwaka 2003 mafundi walijenga mtepe mwingine mjini Zanzibar, ukawekwa katika makumbusho ya Beit el-Ajaib, ili ufundi huo usisahauliwe kabisa.

Mtepe ulikuwa na sifa na kasoro zake, na mwalimu hana budi kuzitaja zote. Kamba huachia kidogo mahali ambapo msumari hung'ang'ania. Kwa hiyo mtepe ulipovutwa mchangani au ulipogusa fungu, ubavu wake uliweza kunepa bila kupasuka. Lakini mshono huo huo uliingiza maji. Mabaharia walilazimika kuyateka maji chomboni na kuyamwaga baharini muda wote wa safari. Tanga la pembe nne nalo lilivuta vizuri upepo ulipotoka nyuma, lakini halikufaa sana kwa kwenda dhidi ya upepo. Katika bahari yenye pepo za msimu kasoro hii ilivumilika: Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi kuelekea kusini, na Kusi huvuma katikati ya mwaka kuelekea kaskazini. Nahodha aliungoja upepo wake.

Maarifa ya mwalimu: Flipflopi

Flipflopi ni dau la tanga lenye urefu wa mita 9 hivi. Kilijengwa Lamu na mafundi wakiongozwa na Ali Skanda, bingwa wa ujenzi wa vyombo wa huko, kikashushwa majini mwezi Septemba 2018. Ajabu yake ni hii: badala ya mbao, kimejengwa kwa takataka za plastiki zilizookotwa katika fukwe na miji ya Kenya. Tani 10 hivi za plastiki zilikusanywa, zikachaguliwa, zikayeyushwa na kutiwa katika kalibu, zikatoka mbao, mkuku na mataruma ya plastiki. Kisha mafundi walizikata na kuziunga vipande hivyo kwa ujuzi ule ule waliozoea kuutumia juu ya mti. Nje, chombo kimevikwa vipande vya rangi nyingi vilivyotokana na kandambili 30,000 zilizotupwa. Jina lake limetokana na neno la Kiingereza la kandambili hizo.

Mwezi Januari na Februari 2019 chombo hicho kilisafiri kutoka Lamu mpaka Unguja, kilometa 500 hivi, kwa muda wa wiki mbili, kikitua katika miji na vijiji vya pwani. Kila kilipotua, watu walielezwa madhara ya plastiki inayotumika mara moja na kutupwa. Mwaka huo huo, tarehe 1 Juni, Tanzania Bara ilianza kupiga marufuku mifuko ya plastiki, na Kenya ilikuwa imekwisha kufanya hivyo mwaka 2017. Mwaka 2021 Flipflopi kilipelekwa Ziwa Viktoria, kikaanza safari Kisumu, kwa kazi ile ile ya kuelimisha.

Tanga la Flipflopi ni la pembetatu, kama ilivyo kawaida ya madau na majahazi ya pwani yetu hivi leo. Tanga la namna hii laweza kugeuzwa likapokea upepo wa ubavuni, na kwa hiyo chombo kina uhuru zaidi wa kuchagua njia.

Mwalimu asikose kuona kwamba Flipflopi nacho kina gharama yake. Kuokota, kuchagua, kuosha na kuyeyusha tani 10 za takataka ni kazi ya watu wengi. Aidha, plastiki hulainika kwa joto na hunepa kuliko mti mgumu, jambo linalomtia fundi katika mtihani mpya. Chombo hiki hakikujengwa ili kushindana na majahazi kwa kuchukua mizigo. Kilijengwa ili kuonyesha kwamba kitu kilichotupwa chaweza kufanyiwa kazi.

Kulinganisha si kuorodhesha

Mwanafunzi akiambiwa alinganishe vyombo hivi, mara nyingi huandika hivi: "Mtepe ulikuwa wa zamani. Flipflopi ni cha plastiki." Sentensi zote mbili ni za kweli, lakini hajalinganisha. Ya kwanza inajibu swali la umri, na ya pili inajibu swali la vifaa. Ni sawa na mtu aulizwaye ng'ombe yupi ni mkubwa, akajibu kwamba mmoja ni mwekundu na mwingine ana pembe ndefu.

Kanuni ya kwanza ya kulinganisha, basi, ni kuuliza swali moja juu ya vitu vyote viwili. Swali hilo ndilo kigezo. Mwalimu alitie mkazo kwa mazungumzo mafupi kama haya:

Mwalimu: Mtepe ulikuwa na urefu gani?
Wanafunzi: Mita 20 hivi, mwalimu.
Mwalimu: Na Flipflopi je?
Mwanafunzi: Kina tanga la pembetatu, mwalimu.
Mwalimu: Umesema kweli, lakini umejibu swali ambalo sijakuuliza bado. Nani atatukumbusha tuliuliza nini?
Mwanafunzi wa pili: Tuliuliza urefu, mwalimu. Flipflopi kina urefu wa mita 9.
Mwalimu: Vema. Sasa tuseme yote mawili katika sentensi moja.
Mwanafunzi wa pili: Mtepe ulikuwa mrefu kuliko Flipflopi.

Mwalimu asimkemee mtoto wa kwanza. Jibu lake liandikwe pembeni mwa ubao, kwani litahitajika swali la tanga litakapofika.

Zana na maandalizi

Zana zote za somo hili zapatikana Wasso bila fedha nyingi: kamba ya mita 20 yenye fundo kila baada ya mita moja, vigingi au mawe, shuka moja, fimbo mbili, udongo wa mfinyanzi, vipande vya boksi, sindano kubwa na uzi mnene, kibuyu kilichopasuka kikashonwa, na katambuga, yaani viatu vilivyokatwa kutoka tairi la gari. Mwalimu achore mapema picha mbili kubwa, moja ya kila chombo, na kuandika majina ya sehemu zake.

Tahadhari moja ni ya lazima. Baada ya kusikia habari za Flipflopi, watoto watatamani kuyeyusha plastiki. Mwalimu awakataze waziwazi, kwa kuwa moshi wa plastiki inayoungua una sumu.

Kipindi cha kwanza: kupima uwanjani

Darasa lianzie nje. Wanafunzi wainyooshe kamba ya mita 20 na kuweka jiwe kila mwisho. Hiyo ndiyo omo na tezi ya mtepe. Kando yake wapime mita 9 kwa Flipflopi. Wachore ubavu wa kila chombo ardhini kwa fimbo, kisha baadhi yao waingie ndani na kusimama mahali pa mlingoti, pa usukani na pa omo. Kila anayesimama aseme: "Mimi nimesimama kwenye tezi, mahali pa usukani." Kwa njia hii majina ya sehemu hukaa mwilini kabla ya kukaa daftarini.

Mwalimu aulize: Mtepe ulikuwa mrefu mara ngapi kuliko Flipflopi? Kwa kugawanya 20 kwa 9 watapata zaidi kidogo ya mara mbili. Kisha aulize swali la mtego: Je, basi, mtepe ulichukua mzigo mara mbili tu?

Hapa udongo utumike. Wanafunzi wafinyange tofali moja lenye urefu wa sentimeta 4, upana wa sentimeta 2 na kimo cha sentimeta 2. Wafinyange na jingine, kila kipimo kikizidishwa mara mbili: 8, 4 na 4. La kwanza lina ujazo wa sentimeta za ujazo 16, la pili 128. Urefu umeongezeka mara mbili, lakini ujazo umeongezeka mara 8. Mwalimu aeleze kwamba chombo si tofali, na vyombo vyetu viwili havina umbo moja, kwa hiyo hatuwezi kusema mtepe ulichukua mara 8 ya mzigo wa Flipflopi. Lililo hakika ni kwamba urefu peke yake hausemi yote. Mtoto aliyepima kibuyu kirefu chembamba na kibuyu kifupi kinene kwa maziwa analijua jambo hili tayari. Kazi ya mwalimu ni kumpa maneno ya kulisema.

Hesabu nyingine zaweza kutokana na habari za Flipflopi. Tukikadiria kwamba punda mmoja hubeba kilo 50, punda wangapi wangehitajika kubeba tani 10 za plastiki? Jibu ni punda 200. Kandambili 30,000 zingekuwa jozi ngapi? Jozi 15,000. Katika shule yenye wanafunzi 500, jozi hizo zingevalisha shule 30. Hapo mwalimu aulize kama zilizookotwa ufukweni zilikuwa jozi kweli. Watoto watagundua wenyewe kwamba bahari hairudishi viatu kwa jozi, na kwamba jibu la hesabu lazima lipimwe kwa akili. Mwisho, kilometa 500 kwa siku 14 ni wastani wa kilometa 36 hivi kwa siku. Waelezwe kwamba umbali huo ni karibu sawa na kutoka Wasso mpaka mji wa Tanga kwa mstari ulionyooka.

Kipindi cha pili: kushika kwa mikono

Kipindi hiki kianze na kibuyu kilichoshonwa. Mwalimu aulize: Kwa nini mwenye kibuyu hakukigongomea msumari? Wanafunzi watajibu bila shida kwamba msumari ungekipasua zaidi. Aulize tena: Je, kibuyu hiki bado chaweza kuwekewa maziwa? Wengine watasema kinavuja, wengine watasema kinafaa kwa nafaka. Mwalimu asiyakatae majibu haya, kwa sababu ndiyo habari yote ya mtepe: mshono huokoa, na mshono huvujisha.

Kisha kila kundi la wanafunzi watano lipewe vipande viwili vya boksi livishone ukingo kwa ukingo. Likimaliza, lipinde mshono taratibu huku na huku, halafu limwagie maji kidogo. Wataona kwamba mshono unanepa na kwamba maji yanapita. Mwalimu aulize: Ungekuwa fundi wa mtepe, ungezibaje matundu haya? Watoto watapendekeza nta, udongo, mafuta au utomvu wa mti. Mafundi wa pwani nao huziba nyufa za vyombo kwa pamba au nyuzi na mafuta, kazi iitwayo kalafati.

Baada ya mtepe, katambuga ziletwe mezani. Tairi lilikuwa la gari. Sasa ni kiatu. Fundi hakuliona tairi bovu kama takataka, bali kama ngozi ngumu isiyoisha haraka. Mwalimu aseme kwamba mafundi wa Lamu walifanya jambo la namna hiyo hiyo kwa kandambili na chupa. Hapo mtoto wa Wasso huona kwamba Flipflopi si muujiza wa mbali. Ni binamu wa kiatu alichovaa.

Mwisho wa kipindi, darasa litoke penye upepo. Wanafunzi wawili washike shuka iliyofungwa kwenye fimbo mbili, kwanza ikiwa na pembe nne, upepo ukiwapiga kwa nyuma. Waeleze jinsi inavyowasukuma. Kisha waikunje iwe pembetatu, waigeuze kidogo kidogo mpaka ipokee upepo wa ubavuni. Jaribio hili halithibitishi kila kitu juu ya matanga, lakini linampa mtoto hisia ya neno "tanga" ambayo picha ya ubaoni haiwezi kumpa.

Kipindi cha tatu: jedwali na aya

Sasa wanafunzi wana la kuandika. Mwalimu achore ubaoni jedwali la safu tatu: swali, mtepe, Flipflopi. Maswali yatoke kwa wanafunzi kadiri iwezekanavyo. Jedwali lililokamilika laweza kuwa hivi:

Kilijengwa lini? Mtepe: tangu kale hata kuingia karne ya 20. Flipflopi: 2018.
Kilikuwa na urefu gani? Mtepe: mpaka mita 20 hivi. Flipflopi: mita 9 hivi.
Kilijengwa kwa kitu gani? Mtepe: mbao na kamba za makumbi. Flipflopi: plastiki iliyotupwa.
Kitu hicho kilipatikana wapi? Mtepe: misituni na katika minazi ya pwani. Flipflopi: katika fukwe na majalala ya Kenya.
Tanga lilikuwa la umbo gani? Mtepe: pembe nne, la mkeka. Flipflopi: pembetatu.
Kilijengwa kwa kazi gani? Mtepe: kuchukua mizigo. Flipflopi: kuelimisha watu.
Kilikuwa na taabu gani? Mtepe: kuvuja maji. Flipflopi: kazi kubwa ya kukusanya na kuyeyusha.

Mwalimu awaulize wanafunzi ni safu ipi ya mlalo inayoonyesha ufanano mkubwa kuliko zote. Mwanzoni watasema hakuna. Awarudishe kwenye swali la nne. Fundi wa mtepe alichukua nini? Alichukua kile kilichokuwa tele karibu naye: makumbi, ambayo mtu akishakula nazi huyatupa. Fundi wa Flipflopi alichukua nini? Alichukua kile kilichokuwa tele karibu naye: plastiki iliyotupwa. Kilichobadilika katikati ya mafundi hao ni vitu vinavyosambaa ufukweni. Jicho la fundi ni lile lile. Darasa likifika hapa, shabaha ya tano imetimizwa.

Ndipo kila mwanafunzi aandike aya ya sentensi tano au sita. Mfano wa aya inayofaa ni huu:

"Mtepe ulikuwa mrefu kuliko Flipflopi. Mtepe ulijengwa kwa mbao zilizoshonwa kwa kamba za makumbi, ilhali Flipflopi kilijengwa kwa plastiki iliyotupwa. Kwa upande wa kazi, mtepe ulichukua mizigo, lakini Flipflopi kilitumwa kuelimisha watu. Vyote viwili vilijengwa kwa vitu vilivyopatikana karibu. Kwa hiyo fundi wa zamani na fundi wa leo wanafanana kwa kutumia vizuri walichonacho."

La zamani na la kisasa

Wakati wa majadiliano, hapana budi litatokea swali hili: Mwalimu, chombo kipi ni bora? Mwalimu asilikimbie, wala asilijibu upesi. Alirudishe kwa swali: Bora kwa kazi gani? Kwa kuchukua boriti kutoka Lamu mpaka Unguja, mtepe mkubwa ulifaa kuliko dau la mita 9. Kwa kuwafundisha watu wa leo juu ya takataka, Flipflopi kimefanya kazi ambayo mtepe usingeweza. Neno "bora" lisilofuatwa na neno "kwa" ni sentensi ambayo haijakwisha.

Kuna mitego miwili hapa. Mtego wa kwanza ni kudharau cha kale. Mtepe haukutokana na ujinga wa kutojua chuma. Pwani ilikijua chuma karne nyingi kabla ya mitepe kutoweka. Makumbi yalikuwa nyumbani, na mshono uliunepesha ubavu mchangani. Mtego wa pili ni kukisifu cha kale kupita kiasi, kana kwamba hakikuwa na taabu. Mabaharia waliokesha wakimwaga maji walijua zaidi. Heshima ya kweli kwa wazee wetu ni kuieleza kazi yao kama ilivyokuwa, pamoja na jasho lake.

Mambo haya yana uzito wa pekee kwa mwalimu wa Wasso. Siku moja mwanafunzi ataambiwa alinganishe nyumba ya Kimaasai na nyumba ya bati. Akiwa amefundishwa kwamba mpya ni bora, ataandika kwa aibu juu ya nyumba aliyozaliwa, au hataandika kabisa. Akiwa amefundishwa kuuliza maswali, ataandika: ipi hujengwa kwa vitu vya karibu? Ipi hutunza joto usiku wa baridi? Ipi hukinga mvua kubwa zaidi? Ipi hudumu miaka mingi? Baadhi ya majibu yatakuwa upande wa nyumba ya mama yake, mengine upande wa nyumba ya bati, na mtoto atakuwa ameyapata mwenyewe kwa kufikiri. Hiyo ndiyo faida ya kuanza na vyombo vya bahari, ambavyo havimgusi mtu yeyote darasani, kabla ya kuingia katika mambo yanayogusa nyumba za wanafunzi.

Mazoezi na upimaji

Mwalimu aweza kuchagua katika mazoezi yafuatayo:

1. Chora chombo kimoja na uandike majina ya sehemu zake saba.
2. Sahihisha: "Mtepe ulikuwa na tanga la mkeka, ilhali Flipflopi kina urefu wa mita 9." Kwa nini sentensi hii haijalinganisha?
3. Eleza maana ya methali "Manahodha wengi, chombo huenda mrama," kisha utoe mfano wake kutoka katika machunga au katika ugawaji wa maji ya mfereji.
4. Mwulize mzee wa nyumbani juu ya kitu kimoja cha zamani na kitu cha leo kinachofanya kazi ile ile. Tengeneza jedwali lenye maswali manne.
5. Taja kitu kimoja kinachotupwa ovyo Wasso, na ueleze kazi ambayo fundi angeweza kukifanyia.

Katika kusahihisha aya, alama 10 zaweza kugawanywa hivi: alama 4 kwa kutumia swali moja kwa vitu vyote viwili, alama 2 kwa maneno ya kulinganisha, alama 2 kwa usahihi wa habari, na alama 2 kwa sababu iliyotolewa. Mwalimu aangalie asimnyime mtoto alama zote kwa makosa ya tahajia. Kwa wengi wao Kiswahili ni lugha ya pili, nasi tunapima hapa namna ya kufikiri.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba somo la vyombo vya tanga laweza kufundishwa mahali pasipo na bahari, mradi mwalimu aanze na kibuyu, shuka na katambuga. Kanuni zake ni tatu: uliza swali moja kwa vitu vyote viwili, tafuta sababu nyuma ya tofauti, na usitamke "bora" bila kutaja kazi. Walimu wanafunzi watakaokwenda mazoezini katika shule za Wasso, Loliondo, Digodigo na hata Karatu twawashauri walijaribu somo hili kwa vipindi vyote vitatu, wala wasiruke kipindi cha uwanjani ili kuwahi jedwali. Jedwali lisilotanguliwa na kamba, udongo na shuka litanakiliwa daftarini na kusahauliwa.

Mwalimu mwenye kupata nafasi aandike yale ambayo wanafunzi wake waliuliza, kwani maswali ya watoto ndiyo yatakayotuonyesha njia ya kuliboresha somo hili.